Mungu hana kigeugeu, mwenye kigeugeu ni mimi

Hii posti nimeianza mara nne nikaifuta mara nne. Kila nikianza inatoka kama mahubiri, na mimi si mhubiri, mimi ni mtu ambaye mwezi wa pili alipigiwa simu mbili ndani ya siku tatu na mpaka leo naandika hapa mambo hayajakaa sawa. Kwa hiyo leo naandika hivyo hivyo inavyokuja, msinipimie sentensi.

Simu ya kwanza ilitoka kazini. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi na kila mtu ananiambia we usijali watakuongezea tu, mpaka bosi akapiga na ile sauti ya mtu anayesoma kitu alichoandikiwa, akaanza kunishukuru kwa mchango wangu. Mtu akianza kukushukuru kwa mchango wako ujue muda wa kukusanya vikombe vyako umefika. Simu ya pili ni ya mama. Sasa mama yangu huwa hapigi simu, mama anabipu. Siku hiyo iliita ikaendelea kuita mpaka nikapokea, akaniambia kuna uvimbe wameuona na wamekata kinyama kidogo wakapime, majibu baada ya siku 14, halafu hapo hapo akaniuliza kama nimekula.

Siku 14 ni nyingi jamani. Usiku wa kwanza nililala vizuri tu, nadhani akili ilikuwa haijapata taarifa. Wa pili nikaamka saa tisa usiku nikakaa pembeni ya kitanda na simu mkononi natafuta uvimbe wa sehemu fulani maana yake nini, nasoma, nafunga, nafungua tena, nasoma kitu kile kile nikitegemea safari hii kitasema tofauti. Nikajaribu kuomba. Nikasema "Baba" halafu ikaishia hapo, hakuna kilichofuata. Nimeokoka miaka mingi, naongoza maombi ya kikundi, nina maneno mengi tu ya kuombea shida za wenzangu, lakini usiku ule neno lilikuwa moja na likakosa mwenzake.

Asubuhi meseji zikaanza kuingia maana habari zinasafiri. Na sitawasema vibaya waliotuma, walinipenda na bado wananipenda, lakini karibu zote zilikuwa na picha ya maua na maandishi "Mungu ni mwema kila wakati". Nikaikodolea macho ile sentensi mpaka ikapoteza maana, kama neno unalolirudia rudia mpaka linageuka kelele. Nikajiuliza hivi mimi mwenyewe hii sentensi huwa naisema lini? Nikarudi nyuma kwenye posti zangu za miaka yote kutafuta. Jamani. Nilipopata kazi, Mungu ni mwema. Mdogo wangu alipojifungua salama, Mungu ni mwema. Siku niliyofaulu mtihani nilioshindwa mara ya kwanza, Mungu ni mwema, na alama tatu za mshangao. Ile mara ya kwanza niliyofeli? Hamna kitu. Kimya. Yaani ukisoma posti zangu peke yake unaweza kudhani kuna miezi Mungu alikuwa likizo.

Hilo lilinichoma kuliko ile simu ya kazini, kiukweli. Maana yake nilikuwa nausoma wema wa Mungu kwenye salio. Likipanda ni mwema, likishuka nanyamaza kwa adabu nasubiri lipande tena. Na imani ya namna hiyo haina shida kabisa mpaka siku salio likisoma sifuri na mama yako ana uvimbe.

Kuna mstari wa Malaki 3:6 naupenda kwa sababu ya Kiswahili chake. "Kwa kuwa mimi, BWANA, sina kigeugeu, ndiyo maana ninyi hamkuangamizwa, enyi wana wa Yakobo." Kigeugeu! Hili ni neno la mtaani kabisa, ni yule mtu mliyekubaliana asubuhi jioni anakuuliza tulikubaliana lini. Na ukisoma Malaki chote, ni kifupi, sura nne tu, utaona wale watu hawakuwa kwenye raha. Uhamisho umeisha, wamerudi, hekalu lipo limejengwa upya, lakini maisha waliyoyatarajia hayajafika na wamechoka, wanasema wazi kabisa kwamba kumtumikia Mungu hakuna faida, wanauliza Mungu wa kuhukumu yuko wapi. Ndo hao hao wanaambiwa sina kigeugeu. Na angalia alichokiambatanisha nacho: ndiyo maana hamkuangamizwa. Hajasema sina kigeugeu ndiyo maana mtastawi wiki ijayo. Kasema mngekuwa mmeshaisha. Nilivyokuwa mdogo kiroho ningeona hiyo ni ahadi ndogo, kutokuangamizwa tu? Kwa mwaka huu mimi naona ni kubwa mno.

Mwenye kigeugeu hapo ni nani sasa? Mimi ndo jumapili nimenyoosha mikono machozi yananitoka, jumanne naulizia kama kuna mtu huko juu. Jumatano asubuhi nimepata meseji ya intavyuu nampenda tena, jioni wameniambia nafasi imeshajazwa tumenuniana. Yaani angekuwa anabadilika kwa kasi yangu dunia isingefika jioni.

Siku ya majibu tulikaa kwenye benchi, mimi na mama, tangu asubuhi sana. Kulikuwa na dirisha upande wa kushoto na jua liliingilia pale, likapiga sakafuni karibu na viatu vya mama, vile vyake vya kanisani, vyeusi, kimoja kamba imefungwa fundo maana ncha imechakaa haipiti tena kwenye tundu. Sikuwa na cha kufanya nikawa naangalia lile jua. Saa mbili lilikuwa kwenye viatu. Saa tatu na kitu likahamia kwenye mguu wa benchi, kivuli cha benchi kikasogea taratibu kama mtu anayejifanya hasogei. Saa tano hakuna jua tena pale, liko ukutani huko, mama yuko kivulini na anajifunika mabega. Nikamuuliza unasikia baridi, akasema kidogo.

Nikaukumbuka Yakobo 1:17, ule wa kila kitolewacho kilicho kamili hutoka juu kwa Baba wa mianga, "kwake hakuna kubadilika, wala kivuli cha kugeuka-geuka". Nimeusoma mara ngapi sijui lakini sikuwahi kuuona, nilikuwa nausikia tu. Mianga ni hivi vya angani, jua na mwezi na nyota, na kwa mtu aliyekaa benchini vyote vinahama, vivuli vinarefuka vinafupika, uliyekuwa kwenye joto saa mbili saa tano uko kwenye baridi na wala hujasogea. Yakobo anasema aliyeviumba hivyo vitu hana hiyo tabia. Na hapo nikawaza kitu ambacho kila mtoto wa shule anakijua, kwamba hata hilo jua lenyewe halikuwa limeondoka, ni dunia iliyokuwa inageuka na sisi wawili na benchi letu juu yake. Mama hakuacha kusikia baridi kwa sababu mimi nimewaza hivyo, nisiwadanganye. Nilimpa sweta langu. Lakini kile kitu kilichokuwa kimenikaba tangu ile saa tisa ya usiku kililegea kidogo.

Nikamuuliza, "Mama, we huogopi?"

Akaniangalia kama nimeuliza kitu cha kitoto. "Naogopa. Nani kakwambia siogopi? Naogopa na namwambia naogopa."

Basi. Hakuongeza, akaendelea kuangalia mlango ule wanaoita majina.

Hapa nataka nikae kidogo maana nadhani wengi tunakosea hapa hapa. Tumefundishwa, au tumejifundisha wenyewe, kwamba kumwamini Mungu ni kutokuogopa, kwa hiyo ukiogopa unaanza kuogopa kwamba unaogopa, inakuwa mzigo juu ya mzigo. Halafu unavaa ile sura ya kanisani, unaulizwa unaendeleaje unasema nimebarikiwa, unaenda chooni unalia unanawa uso unarudi. Wakati Zaburi zimejaa watu ambao hawakunawa uso. "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" hiyo ni Zaburi 13, na imeimbwa hekaluni, kwenye ibada, kwa sauti! Zaburi ya 88 ndo kabisa, inaanza inalia inamaliza inalia, neno la mwisho ni giza, hakuna ile "lakini" ya kugeuza mambo kule mwishoni ambayo sisi wapenda faraja tunaisubiri. Mtu aliyeandika ile hakuona haya, na waliopanga kitabu cha Zaburi hawakuitoa. Kumlilia Mungu ni kumwamini kwamba anasikia na kwamba ni mwema, la sivyo unamlilia wa nini? Kwa katili hakuna anayekwenda kulalamika kwamba umekuwa katili. Unamlalamikia yule unayejua hivi sivyo alivyo.

Sasa Biblia ya mama. Hii lazima niisimulie.

Biblia ya mama haina mwanzo. Kweli kabisa, kurasa za mbele zilishatoka miaka hiyo, inaanzia Kaini ameshamuua ndugu yake, huwa tunamtania kwamba we mama dunia yako imeanzia kwenye kesi. Jalada limeshonwa na uzi wa suti. Na pembeni ya mistari kumejaa maandishi ya kalamu, tarehe na neno moja moja, mengine majina yetu, mengine siyaelewi. Wakati tunasubiri pale benchini nilikuwa nimeibeba mimi nikaifungua Maombolezo, sura ya 3. Pembeni ya mstari wa 22 mama kaandika tarehe ya mwaka 1998 na neno moja, "mvua".

Maombolezo 3:22-23 wengi mnaujua. "Ni huruma za BWANA kwamba hatuangamii, kwa kuwa rehema zake hazikomi. Ni mpya kila siku asubuhi. Uaminifu wako ni mkuu." Tunauweka kwenye kadi za harusi, kwenye picha za machweo. Na mimi sina ugomvi na kadi lakini nendeni mkausome na majirani zake. Yerusalemu umeanguka mikononi mwa Wababeli, ni zile habari za mwaka wa 586 KK, mji umezungukwa na jeshi zaidi ya mwaka, hekalu limechomwa, watu wamechukuliwa, na njaa ya ndani ya mji ilikuwa ya namna ambayo sitaiandika hapa, someni sura ya 4 wenyewe na msisome usiku. Kwenye sura hiyo hiyo ya 3, mistari michache tu kabla ya huruma za Bwana, mwandishi anamwita Mungu dubu anayeotea na simba aliyejificha. Anasema nikiomba anayapinga maombi yangu. Anasema amenivunja meno kwa changarawe. Halafu bila mambo kubadilika, mji bado ni majivu, hakuna malaika aliyetokea, hakuna habari njema iliyoingia, anasema mstari wa 21: "Neno hili najikumbusha, kwa hiyo nina matumaini."

Najikumbusha. Si nimekumbushwa, si nimejisikia. Ni kazi anajifanyia mwenyewe kwa nguvu, kama mtu anayejishika shati anajiinua. Na si kitabu cha mtu aliyebwabwaja kwa uchungu tu, maana nyimbo nne za kwanza zimepangwa kwa herufi za Kiebrania, ziko 22, sura ya 3 kila herufi imepewa mistari mitatu ndo maana ina mistari 66. Ukihesabu mistari yote ya kitabu ni 154, na nusu ya kwanza inaishia 3:33, ambapo panasema kuwatesa wanadamu si kitu moyo wake unakipenda. Nilihesabu mwenyewe benchini, ndo faida ya kukosa kazi. Kuna mtu alikaa katikati ya majivu akapanga huzuni yake herufi kwa herufi, na katikati ya hiyo huzuni akakuta huruma.

Nikamuonyesha mama lile neno. "Mama, 1998, mvua. Ilikuwaje?"

Akavaa miwani akaangalia. Akaangalia tena. Akasema, "Sikumbuki."

"Hukumbuki kabisa?"

"Sikumbuki mwanangu. Lakini kama niliandika, basi alitutoa."

Nikacheka mpaka wale wa benchi la nyuma wakageuka. Lakini nimeendelea kulitafuna lile jibu. Mama ameisahau shida yenyewe. Kitu ambacho mwaka 1998 kilimfanya atafute kalamu, pengine alikesha nacho kama nilivyokesha mimi, kimeyeyuka mpaka hajui kilikuwa nini, na kilichobaki ni tarehe na ushahidi. Samweli alisimamisha jiwe akaliita Ebenezeri akasema hata sasa Bwana ametusaidia, mama yangu ana kalamu ya wino wa bluu.

Aya ya wale wanaotuma unabii kwenye meseji. Nimejaribu kuiacha lakini nashindwa.

Ndani ya zile siku 14 nilipokea za kutosha. Ndani ya siku saba utapata kazi nzuri kuliko ya kwanza, sema amina. Majibu yatakuwa safi, pokea. Yalivyokuja hayako safi wengine wakanyamaza, mmoja akaniambia labda sikupokea vizuri. Nikamkumbuka Hanania. Yeremia 28. Watu wako Babeli, na Hanania nabii anasimama hekaluni mbele ya makuhani anasema miaka miwili tu! Miaka miwili vyombo vya hekalu vimerudi na watu wote wamerudi, anamvua Yeremia nira ya shingoni anaivunja, unaweza kusikia shangwe. Na Yeremia, hapa ndo nampenda, anasema amina, Bwana na afanye hivyo, kwa sababu na yeye alitamani iwe kweli. Lakini haikuwa kweli, na Hanania alikufa mwaka ule ule mwezi wa saba. Sura inayofuata ndo ile barua tunayoipenda wote, 29:11, "nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya". Mstari ulioko juu yake, wa 10, unasema miaka 70. Sabini! Kuna watu waliisikia barua ile ikisomwa na wakajua wao hawatarudi, watazikwa kule. Na bado ni mawazo ya amani. Wanaambiwa jengeni nyumba, pandeni bustani, oeni, zaeni, uombeeni amani mji wa adui zenu.

Wema wa Hanania una tarehe. Wema wa Mungu kwa kweli mara nyingi haujanipa tarehe, na mimi ni mtu wa kalenda, hilo linanisumbua na sijamaliza kusumbuka. Lakini nikiangalia ni yupi kati ya wale wawili aliyewapenda wale watu, ni yule aliyewaambia ukweli na kuwaambia wapande bustani.

Kuna na Lazaro, Yohana 11, hapa nitapita haraka maana nikianza sitamaliza. Mstari wa 5 unasema Yesu alimpenda Martha na dada yake na Lazaro. Wa 6 unaanza na "Basi", basi aliposikia kwamba hawezi, akakaa siku mbili pale pale alipokuwa. Hilo "basi" lilinikosesha usingizi zamani. Aliwapenda, basi akachelewa? Siwezi kulifafanua na sitajifanya. Ninachokiona ni kwamba alipofika, siku ya nne, anajua kabisa anakwenda kumfufua, na bado alilia machozi. Hakuwaambia kina Martha futeni machozi dakika tano zijazo mtacheka.

Majibu yaliitwa saa saba kasoro. Ni saratani. Daktari alikuwa mpole, alisema wameiwahi kiasi, akachora kwenye karatasi mahali ilipo na kazi itakavyoanza, mama akaniomba ile karatasi akaikunja akaiweka ndani ya Biblia. Kwenye njia ya kurudi hatukuongea sana. Tulipofika nyumbani nikaenda uani nikamwambia Mungu maneno ambayo sitayaandika humu, mengi, safari hii hayakukwama. Nilimaliza nimeishiwa nguvu. Sikusikia sauti. Nikaingia ndani nikapika.

Watu wameniambia unaona sasa, ndo maana Mungu alikutoa kazini, ili umuuguze mama. Inawezekana. Mimi siwezi kumsemea. Nilipoteza kazi niliyoipenda na iliniuma, na nimepata kukaa na mama miezi hii ambayo nisingeikaa, vyote viwili ni kweli, lakini ile "ndo maana" ya katikati sijakabidhiwa. Yusufu aliweza kuwaambia ndugu zake mlikusudia mabaya bali Mungu alikusudia mema, lakini aliuzwa ana miaka 17, akasimama mbele ya Farao ana 30, na maneno yale kayasema miaka mingi baadaye, baba yake akiwa ameshazikwa. Ungemfuata gerezani, ile miaka miwili mnyweshaji wa mfalme amemsahau, ukamwambia ndugu usijali hii ni njia ya ikulu, mimi nadhani angekuomba ukae tu naye kimya. Na angalieni hata yeye hakusema mabaya yalikuwa mema. Aliyaita mabaya. Warumi 8:28 nao husomwa haraka haraka kama vile unasema kila kitu ni kizuri, wakati unasema katika mambo yote Mungu hufanya kazi. Uvimbe si mzuri. Sitausifia uvimbe. Nilikuwa nadhani lazima nichague, ama niseme hali ni mbaya ama niseme Mungu ni mwema, na kumbe mama yangu anazisema zote mbili kwa pumzi moja na hajikwai.

Kwa hiyo siku hizi nina daftari. Nimeiga kwa mama. Asubuhi naandika tarehe na neno moja au mawili, basi, sijilazimishi zaidi. Kuna siku nimeandika "amekula". Kuna siku "kibarua", nilipata kazi ya wiki ya kupanga mahesabu ya mtu. Kuna siku mbili mfululizo nimeandika tarehe tu, mbele yake pako wazi, sikupata neno, na nimeziacha hivyo hivyo. Ile siku ya majibu nilirudi baadaye nikaijaza, nimeandika "sweta".

Jana usiku ndo nataka nimalizie nayo kabla chaji haijaisha. Kesho kutwa ni kemo ya tatu na mama siku za karibu na kemo halali vizuri. Akaniambia nisomee 136. Zaburi ya 136 ina mistari 26 na kila mstari unaishia "kwa maana fadhili zake ni za milele", kwa hiyo tunaisoma hivi, mimi nasoma nusu ya mbele yeye anaitikia. Imeanza kwa kuumbwa mbingu, jua litawale mchana, mwezi na nyota usiku, ikaingia Misri, bahari ikagawanyika, mama anaitikia macho amefumba, sauti inapungua pungua. Kwenye Farao na jeshi lake nilisikia ameitikia nusu, "kwa maana fadhili zake…" na kimya, nikaona kifua kinapanda na kushuka polepole, amelala. Sikutaka kuacha njiani. Nikaendelea kwa sauti ya chini, nasoma wangu na kuitikia wake, wafalme wakapigwa, Sihoni, Ogu, nchi ikatolewa urithi, na mimi macho yameshaanza kuuma kwa usingizi nikaruka nikaangukia huku chini kwenye ule wa 25, anayewapa wote wenye mwili chakula chao, nikaitikia kwa niaba yake, nikamaliza, nikafunga.

Mama bila kufumbua macho akasema, "Umeruka kuanzia ishirini na tatu."

Nikafungua tena. Nilikuwa nimeuruka kweli. Nikausoma, "Aliyetukumbuka katika unyonge wetu", nikanyamaza nimsubiri.